Maji yapewe nafasi gazetini hata siku isiyo na mafuriko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo lililonikaa rohoni tangu masika iliyopita. Mimi ni mpiga picha hapa Pangani, mkoani Tanga. Studio yangu hupiga picha za pasipoti, za vitambulisho, za harusi na za mahafali, na hizo ndizo zinazolipa kodi ya chumba na ada za watoto. Kazi ninayoiamkia kabla ya adhana ya alfajiri ni nyingine: kupiga picha za maji. Nimeifanya miaka mingi bila kuiombea kitu kwa mtu yeyote. Leo naiombea.

Masika yote nilikuwa nakata picha za maji kutoka gazeti lenu na kuzitia kwenye bahasha. Mvua zilipokatika nikazimwaga mezani. Palikuwa na daraja lililosombwa, basi lililozama hadi madirishani, akina mama wamebeba watoto mabegani wakivuka barabara iliyogeuka mto. Za kiangazi zilikuwa za bwawa lililokauka udongo ukapasukapasuka, na ng'ombe waliokonda. Zilizobaki zilitoka kurasa za utalii: bwawa la kuogelea la hoteli, miavuli ya makuti ufukweni, mgeni na glasi yake ya juisi. Hapakuwa na hata moja ambamo maji yamepigwa kwa ajili ya maji yenyewe.

Sizilaumu picha za mafuriko. Waandishi wanaoingia kwenye maji ya kifuani wameinua kamera juu ya kichwa wanafanya kazi ya lazima na ya hatari, na mara nyingine msaada hufika kwa kuwa picha zao zimetangulia. Ila nchi yenye bahari upande wa mashariki, yenye Victoria, Tanganyika na Nyasa mipakani, yenye mito, chemchemi na barafu kileleni mwa mlima, haiwezi kuonyeshwa maji yake siku ya msiba na siku ya biashara tu. Naomba gazeti litenge nafasi, hata ya picha moja kwa wiki, kwa picha za sanaa zitokanazo na maji, zilizopigwa na watu wanaoishi na maji hayo.

Wengi wakisikia sanaa ya picha mnato hudhani ni suala la kubahatika: ulikuwepo, jua likatua, ukabonyeza. Kwa maji bahati ina sehemu ndogo sana. Wavuvi wote wa pwani wanajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua, yaani maji ya kujaa na kupwa kupita kawaida, linapokuja, na siku hizo hapa kwetu maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne. Kwa akina mama wanaochokoa pweza, saa nne asubuhi ni saa njema. Bahari imekimbia mbali na miamba iko wazi. Kwa mwenye kamera ni saa ngumu. Jua limeshapanda, mchanga unawaka mweupe, vivuli vimefupika, na ile michirizi iliyochorwa na maji wakati wa kutoka haionekani tena. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hupwa alasiri, mwanga ukiwa umeanza kulala, lakini bahari haiendi mbali, na sehemu yenye michoro mizuri hubaki imefunikwa.

Kwa hiyo mtu hujifunza kuvizia siku za katikati. Kila siku maji huchelewa kwa dakika zipatazo 50, basi siku tatu hivi kabla ya mwezi kuwa mpevu hupwa mapema, kwenye saa moja na nusu asubuhi, na hutoka vya kutosha. Jua la pwani yetu huchomoza baharini. Linanijia usoni, likiwa bado chini, linapita juu ya mchanga mbichi, na kila mkunjo mdogo unapata upande wa nuru na upande wa kivuli. Hapo ndipo picha ilipo. Baada ya muda mchache mchanga unakauka juu juu na kila kitu kinafifia. Mpiga picha wa maji asiyejua kuhesabu mwezi atarudi nyumbani na picha za mchanga mweupe, hata awe na kamera ya bei gani.

Halafu kuna mdomo wa mto. Mto Pangani unaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Kikuletwa na Ruvu (Ruvu ya huko kaskazini, si ile ya mkoa wa Pwani) hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto unashuka kupitia Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale, ukatukuta sisi huku mwisho. Masika huja umebeba udongo wa mashamba ya watu wote hao, rangi ya chai ya maziwa. Maji yakijaa, bahari inausukuma mto urudi ulikotoka. Yakipwa, mto unaisukuma bahari. Mpaka wao ni mstari wa povu, vijiti na majani ya mikoko, na mstari huo hautulii mahali pamoja. Upande huu hudhurungi, upande ule kijani. Nikisimamisha kamera kwenye stendi nchi kavu na kuiacha shata, kile kilango cha kupitisha mwanga, wazi kwa nusu sekunde, povu linanyooka likawa uzi. Nikiifunga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila tone linasimama hewani na unaweza kuyahesabu. Mahali ni pale pale, dakika ni ile ile, na picha ni mbili zisizofanana hata kidogo. Kuchagua ipi kati ya hizo ndiyo inayosema kweli ya asubuhi ile: hiyo ndiyo kazi ya msanii, na haina tofauti na ya mchoraji anayechagua brashi.

Mvua nayo ina masharti yake. Haionekani kwenye picha mpaka nyuma yake pawe na giza na mwanga uijie kwa nyuma au kwa ubavu. Ndiyo maana mvua kubwa ya mchana hutoka kwenye picha kama ukungu tu, na manyunyu ya jioni, jua likiwa limechungulia chini ya wingu, hutoka yote, mstari kwa mstari, mbele ya mlango wa nyumba ya udongo. Picha zangu ninazozipenda za mvua nimezipiga chini ya mapaa ya bati, pale watoto wanapokinga maji kwa madumu na masufuria, na mkondo wa mwisho kabisa, mwembamba, unapoanza kukatika na kuwa matone.

Wateja wanaoingia studio huitazama ile picha ya mstari wa povu ukutani, kisha huuliza: "Mbona hapana mtu?" Ni swali la haki. Picha katika nyumba zetu ni za watu: harusi, hija, ubatizo, marehemu. Picha isiyo na mtu huonekana haijakamilika. Mimi huwajibu kwa kuwaeleza habari ya Mjapani Hiroshi Sugimoto, ambaye tangu mwaka 1980, akianzia Bahari ya Karibi huko Jamaika, amekuwa akipiga picha za bahari mbalimbali duniani, nyeusi na nyeupe, kwa kamera kubwa ya stendi. Kila picha ina vitu viwili tu, maji na anga, na mstari wa upeo unakata katikati. Hakuna chombo, hakuna ndege, hakuna pwani. Alijiuliza kama mtu wa leo anaweza kuona kitu kile kile alichokiona binadamu wa kale kabisa. Nchi kavu imebadilishwa mno na mikono ya watu, akaona bahari ndiyo iliyobaki.

Halafu nawaonyesha picha yangu ya Maziwe. Wenyeji wanajua ninachokisema. Wazee wa hapa wanakikumbuka kisiwa cha Maziwe kikiwa na miti, kasa wakipanda kutaga mayai kwenye kivuli chake. Miti ilikwisha, ufuko ukaliwa, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa sana hulifunika lote. Picha yangu nimeipiga saa hiyo ya kufunikwa. Ni maji na anga, basi. Mgeni anaona bahari tulivu ya kaskazi. Mzee wa Pangani akiitazama anaona kisiwa, na nimewashuhudia baadhi yao wakinyamaza mbele yake kwa muda mrefu kuliko wanavyonyamaza mbele ya picha za jamaa zao. Sijui namna nyingine ya kumjibu anayeuliza mtu yuko wapi.

Kupiga bahari kumekuwa kazi ya mikono tangu mwanzo wa upigaji picha. Mfaransa Gustave Le Gray, mwaka 1856 na 1857, alikumbana na tatizo ambalo kila mwenye simu analijua: ukiyapata maji vizuri, anga inatoka nyeupe tupu. Sahani za kioo za wakati ule ziliihisi rangi ya buluu kupita kiasi, na anga ikaungua. Alichofanya ni kupiga mara mbili, negativu moja kwa ajili ya bahari na nyingine kwa ajili ya mawingu, kisha akaziunganisha kwenye karatasi moja pale upeo unapopita. Simu nyingi za siku hizi hufanya kazi ya jinsi hiyo zenyewe kwa kuunganisha picha kadhaa ndani ya kufumba na kufumbua, na mwenye simu hana habari. Nawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu kwamba kabla ya kuchukia picha "iliyotengenezwa" wakumbuke kuwa bahari nzuri kabisa za karne ya 19 zilitengenezwa vilevile, kwa jicho na kwa subira.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa na studio Tanga mjini enzi za mkanda. Chumba cha giza, taa nyekundu, mabeseni mezani: la dawa ya kutokeza sura, la kuizuia, la kuigandisha. Baada ya hapo yalibaki maji, na maji ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko dawa zote. Karatasi isiyooshwa sawasawa hugeuka njano baada ya miaka, sura zikaanza kuondoka. Mjomba hakukubali picha ya mteja itoke kabla haijaoshwa mpaka yeye aridhike. Bomba lilipokatika alinituma baharini na ndoo. Nilidhani ni shida tu inayomtuma. Alijua alichokuwa akifanya. Maji ya bahari huitoa dawa ya kugandishia kwenye karatasi upesi kuliko maji ya kisima, mradi mwishoni usuuze kwa maji matamu ili chumvi isibaki. Wataalamu wa kemia ya picha wanalijua jambo hilo. Zipo picha za harusi Tanga, ziko ukutani mpaka leo hazijapauka, zilizooshwa kwa maji ya Bahari ya Hindi, na wenye harusi hawajui. Labda ndiyo sababu siwezi kuyaona maji kama pambo la nyuma kwenye picha. Kwangu yalikuwa ndani ya picha kabla sijapewa kamera.

Mtu ambaye habari zake zimenipa moyo kuliko wote ni mkulima. Anaitwa Wilson Bentley, wa kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 15 Januari 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapata picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwezi Desemba 1931, akaacha picha zaidi ya 5,000. Alifanyia nje kwenye baridi, akizihamisha chembe hizo kwa unyoya ili zisiyeyuke wala kuvunjika. Hakusafiri kutafuta maajabu ya maji nchi za mbali. Alipiga kilichomwangukia uani kwake. Kama huyo aliona theluji iliyowafungia wenzake ndani ni ya kutazamwa hivyo, sisi tuna nini cha kutuzuia?

Sisi hatuna theluji, tuna umande. Nendeni kwenye mashamba ya mkonge ya wilaya yetu jua linapochomoza. Jani la mkonge lina nta juu yake, kwa hiyo tone la umande halisambai, linajikusanya likawa duara. Ukilisogelea kwa lenzi ya karibu utaona ndani yake shamba zima lipo, mistari yake ya mkonge na kilima cha nyuma, na vyote viko juu chini, kwa sababu tone lenyewe ni lenzi. Nimewaonyesha picha hiyo vibarua wa mkonge ambao wamefanya kazi mle maisha yao yote. Waliniomba niwasafishie nakala, na nikawapa. Wanaosema sanaa ya namna hii ni ya watu wa mjini wenye nafasi hawajawaona watu wale wakigombea kuishika.

Nadhani sasa inaeleweka kwa nini nasisitiza wapigaji wawe wakazi. Chukueni Ziwa Natron, mkoani Arusha. Mwaka 2013 picha za Mwingereza Nick Brandt zilizunguka dunia nzima: ndege na popo waliokauka kwa magadi na chumvi, wameketi kama wako hai. Ni picha za ustadi mkubwa, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba aliwaokota wanyama hao ufukweni wakiwa wamekwisha kufa, akawaweka katika mikao ile. Lakini habari ilipofika kwa watu ilikuwa imeshageuka: Tanzania kuna ziwa linalogeuza viumbe kuwa mawe. Ziwa hilohilo ndilo mahali pakuu pa kuzaliana heroe wadogo (flamingo) katika Afrika Mashariki yote. Magadi yale makali yanawazuia wanyama wawindaji wasiyafikie makinda. Uwekundu wa maji yake unatokana na viumbe vidogo vinavyopenda chumvi, na kiangazi, maji yanapopungua, uso wake hupasuka katika vipande vyenye kingo nyeupe ambavyo mchoraji yeyote angevitamani. Hiyo ni picha ya uhai. Angeipiga nani, kama si kijana wa Engaresero anayeliona ziwa linavyobadilika mwezi hadi mwezi? Mgeni alikuja akaona mauti, na ana haki ya kuona alichokiona. Kosa ni la sisi kutokuwa na picha ya pili ya kuiweka kando yake.

Juu ya mto wangu huohuo kuna barafu ya Kilimanjaro. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda na kuipiga picha barafu ile ili watengeneze ramani. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo wakati huo imekwisha. (Watu husema barafu ikiisha Pangani itakauka. Sivyo, maji mengi ya mto huu yanatokana na mvua inayonaswa na misitu ya mlimani, na misitu ndiyo ya kulindwa kwanza.) Picha za 1912 zilipigwa kwa ajili ya vipimo, na leo huwezi kuzitazama kwa macho ya vipimo tu. Wapagazi na waongozaji wetu wanapita kando ya kuta zile za barafu mwaka mzima, simu ziko mifukoni. Wao wanajua ni saa ngapi mwanga unapita ndani ya barafu ikawa ya buluu. Gazeti likiwaambia kuna mahali pa kuzipeleka, zitapigwa. Zisipopigwa sasa hazitapigwa tena.

Kuna atakayeuliza, na ana sababu: utafanyaje sanaa ya maji katika nchi ambayo watu bado wanapanga foleni ya madumu kisimani? Swali hilo limejibiwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi na Aida Muluneh, mpiga picha wa Ethiopia. Mwaka 2018, kwa ombi la shirika la WaterAid, alipiga mfululizo wa picha juu ya maji huko Dallol, eneo la Afar, mahali pa joto kali palipo chini ya usawa wa bahari. Wanawake wake wamevaa mavazi mekundu na buluu yaliyokolea, nyuso zimepakwa rangi, wamebeba vyombo vya maji katika jangwa la chumvi. Taabu ya kubeba maji ipo yote mle ndani. Ila hakuna anayeombewa huruma. Wamesimama kama malkia, na mtazamaji ndiye anayejisikia kuulizwa.

Nami nilijifunza jambo hilohilo hapa nyumbani. Bibi mmoja wa Bweni aliniruhusu nimpige akitoka kisimani, akaniambia: "Mwanangu, nipige, lakini nipige nikishajitwika, usinipige nimeinama." Tangu siku hiyo sipigi mtu ameinama juu ya ndoo. Nasubiri ainuke, dumu likae kichwani, maji yaliyomwagika yashuke shingoni yakapata mwanga. Utaona uzito vilevile. Na utamwona bibi mwenyewe.

Sasa nirudi kwa mhariri na maombi yangu, maana najua gazeti lina mipaka yake. Karatasi ya gazeti hunywa wino, na rangi za kijivu zinazokaribiana huungana zikawa doa. Picha ya ukungu wa Lushoto, hata iwe nzuri namna gani, itakufa kwenye kurasa za ndani. Chagueni zile zenye giza na mwanga ulioachana vizuri, au mziweke kwenye kurasa za rangi za mwisho wa wiki. Msizipunguze ukubwa zikawa za stempu. Afadhali moja ya nusu ukurasa kuliko tano za kubanana. Chini yake pawe na mahali, saa, hali ya maji au ya mvua, na jina la aliyepiga. Jina hilo nalisemea kwa uchungu. Mara ngapi tunasoma "Picha kwa hisani ya mtandao"? Mtandao haupigi picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi ya mtunzi, sawa na wimbo au shairi, na mtunzi ana haki ya kutajwa.

Wala msianze na mashindano. Mashindano huleta machweo, kila mtu akituma jua na mtumbwi. Anzeni kwa kuwaomba watu maji ya kwao ya siku ya kawaida. Ukerewe kuna wavuvi wa dagaa ambao usiku usio na mwezi hutandaza taa ziwani hadi upeo ukapotea. Mmoja wao apige kutoka ndani ya mtumbwi, si kutoka hotelini. Kigoma kuna maji maangavu mno kiasi cha kuona mawe ya chini. Wanaochimba chumvi pwani yetu wana mabwawa yanayobadilika rangi kadiri jua linavyoyakausha. Mama ntilie ana mvuke wa saa kumi na moja alfajiri, taa ya barabarani ikiwa nyuma yake. Zikikusanywa za mwaka mmoja, Makumbusho ya Taifa au kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni wangeweza kuombwa ukuta, na baada ya Dar es Salaam zizunguke mikoani zilikopigwa, hata kwenye ukumbi wa shule.

Nimeambatanisha picha mbili. Moja ni mstari wa mto na bahari, ya pili ni Maziwe saa ya maji kujaa. Hiyo ya pili msiikate juu wala chini. Upeo umekaa katikati kwa makusudi. Kwa hizi mbili sidai malipo. Kwa zitakazofuata, za wenzangu wa ziwani, mlimani na mashambani, naomba muwalipe kama mnavyomlipa anayewaletea picha ya mechi ya Simba na Yanga.

Wako katika kazi,
Mama Picha,
Pangani, Tanga